UZI: Conservative ya Uingereza ilipotezana wapi na mpiga kura wa kawaida?

Mbeba Boksi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, kwa hiyo mkiona sentensi imepinda mnivumilie. Huu ni mwaka wa kumi na tatu nipo kisiwa hiki, kwenye mji mdogo jirani na Leicester, na kila nikipiga simu nyumbani kuna mjomba wangu mmoja lazima aulize: hivi wale Conservative, wahafidhina, chama cha Churchill na Thatcher, wamepatwa na nini?

Wachambuzi wa kwenye runinga huku wana majibu mawili. Kundi moja linasema chama kimekwenda kulia mno. Jingine linasema hakikwenda kulia vya kutosha. Mimi naona wote wanampima mgonjwa homa kwa kushika shuka lake.

Nianze na hali yenyewe ili twende pamoja. Desemba 2019 Boris Johnson alipata asilimia 43.6 ya kura na viti 365. Alibeba hadi ngome za Labour, wapinzani wao wakubwa, majimbo ya wachimba makaa ya mawe kama Bolsover na Blyth Valley, alibeba Sedgefield iliyokuwa ya Tony Blair. Miaka minne na nusu baadaye, 4 Julai 2024, chama kilekile kikaambulia asilimia 23.7 na viti 121. Hakijawahi kuanguka hivyo katika historia yake. Hata Blair alipowachapa 1997 walibaki na 165. Kinachonichekesha ni ramani ya majimbo: Witney ya Cameron na Maidenhead ya Theresa May zilikwenda kwa Liberal Democrats, chama cha mrengo wa kati, Uxbridge aliyoiacha Johnson ikaenda Labour, na Liz Truss, ambaye 2019 alishinda kwa zaidi ya kura 26,000, akaangushwa na Labour kwa kura 630. Mawaziri wakuu watano wa ile miaka 14 ya Conservative madarakani (2010 hadi 2024), jimbo lililobaki na bendera ya bluu ya chama ni la Sunak peke yake.

Sasa niwape kisa.

Mwenye nyumba wangu ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kampala. Kiswahili chake kina vumbi kidogo lakini bado kipo, na akikasirika kinarudi chote. Alifika hapa 1972 Idi Amin alipowafukuza, na serikali iliyowapokea, watu wapatao 28,000, ilikuwa ya Conservative chini ya Edward Heath. Magazeti yalikuwa yanapiga kelele, na halmashauri ya jiji la Leicester ikafikia kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwasihi wasije. Wakaja. Mzee alianza kiwandani, akafungua duka, akanunua nyumba, akanunua ya pili. Toka apate kadi ya kupigia kura hajawahi kukosa kuweka tiki kwa Conservative. Kwake ile si siasa, ni shukrani iliyochanganyika na hesabu.

Mjukuu wake ni mfamasia. Ana digrii na mshahara mzuri kuliko wangu mara mbili, ila amepanga chumba Birmingham kwenye nyumba ya watu wanne. Ana miaka 31. Nilimuuliza kwenye sherehe ya Diwali alimpigia nani, akaniangalia kama nimemuuliza dini ya paka wake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, wakuu. Chama cha kihafidhina kinaishi kwa watu wenye kitu cha kuhifadhi. Thatcher alilijua hilo hadi mifupani. Sheria yake ya 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa punguzo la hadi nusu ya bei, na mtu aliyelala mpangaji akaamka ana mlango wake anaoupaka rangi anayotaka. Familia ambazo babu na baba walikuwa Labour damu ziligeuka bluu. Unaweza kuilaumu sheria ile kwa mengi, hasa kwamba nyumba zilizouzwa hazikujengwa nyingine mahali pake, lakini kama mbinu ya kuzalisha wapiga kura ilikuwa kazi ya fundi.

Warithi wake wakala mavuno, mbegu wakasahau. Mwaka 1997 nyumba ya wastani England ilikuwa bei ya mishahara ya miaka mitatu na nusu hivi. Siku hizi ni karibu mara nane. Na kila serikali ya Conservative ilipojaribu kulazimisha nyumba zijengwe, nani alisimama mlangoni? Wapiga kura wao wenyewe, wale wenye bustani na mandhari ya kulinda. Juni 2021 walipoteza uchaguzi mdogo wa Chesham and Amersham, jimbo ambalo halijawahi kuwa la mtu mwingine toka liundwe, na moja ya sababu ilikuwa hofu ya mabadiliko ya sheria za ujenzi. Desemba 2022 wabunge wake wasio mawaziri wakamtisha Sunak, malengo ya lazima ya ujenzi wa nyumba kwa kila halmashauri yakageuzwa kuwa ushauri tu. Umri nao unaeleza yote: kwa hesabu za YouGov, kampuni ya kura za maoni, 2019 mtu alianza kuwa na uwezekano mkubwa wa kuchagua Conservative kuliko Labour akifika miaka 39. 2024 ilibidi afike 63. Miongoni mwa vijana wa 18 hadi 24 walipata kura tano katika kila mia.

Halafu kuna nani anayemchagua kiongozi. Miaka ya 1950 chama kilikuwa na wanachama karibu milioni 2.8, kila kijiji kina tawi, kina dansi ya Jumamosi, vijana wanapata wachumba humo. Majira ya joto ya 2022 waliokuwa na haki ya kumchagua mrithi wa Johnson walikuwa kama 172,000, wengi wao wazee wenye nyumba zilizokwisha kulipiwa. Wabunge walimpa Sunak kura 137 na Truss 113. Wanachama wakageuza: Truss 81,326, Sunak 60,399. Tarehe 23 Septemba waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, akatangaza punguzo la kodi la pauni bilioni 45 bila kusema pesa inatoka wapi. Pauni ikaporomoka, Benki Kuu ya Uingereza ikabidi iingie sokoni kununua hati fungani kuokoa mifuko ya pensheni, riba ya mkopo wa nyumba ikapita asilimia sita. Truss alikaa Downing Street, yaani kwenye uwaziri mkuu, siku 49.

Fikirieni hapo. Kundi pekee la watu wa makamo waliokuwa wamebaki na sababu ya kuwa Conservative ni wenye mikopo ya nyumba. Ndio hao walioletewa barua ya benki ya kupandishiwa marejesho mamia ya pauni kwa mwezi. Mwenye nyumba yangu hakuguswa, zake zilikwisha kulipiwa. Mimi niliguswa, maana alipandisha kodi "kwa sababu ya hali ya uchumi".

Karibuni. Matusi tuyaache nje na viatu.

Kasuku wa Pwani

Naweka kambi. Nondo kama hizi ndiyo maana sijafuta akaunti yangu.

Mchambuzi Uchwara

Mkuu Mbeba Boksi, umeandika vizuri ila unazunguka tembo aliyekaa sebuleni. Uhamiaji. Cameron aliahidi 2010 kwamba wahamiaji wa ziada, yaani wanaoingia ukitoa wanaoondoka, watashuka hadi makumi ya maelfu kwa mwaka. Brexit, kujitoa Umoja wa Ulaya, ikapita 2016 kwa asilimia 51.9 huku watu wanaambiwa "tutashika mipaka yetu". Matokeo yake kufika 2023 idadi ikapita 900,000 kwa mwaka mmoja! Chama kinachohubiri jambo moja na kutenda kinyume chake miaka 14, unategemea nini?

Pili, jumlisha. Conservative 23.7, Reform ya Nigel Farage, chama cha kulia zaidi yao, 14.3. Hiyo ni 38. Labour alishinda viti 411 akiwa na 33.7 tu, kwa sababu ya mfumo wao wa mwenye nyingi anabeba jimbo. Kwa hiyo mpiga kura wa kawaida bado ni mhafidhina. Aliyehama ni chama, siyo yeye.

Mbeba Boksi

Mkuu, hesabu yako ni sahihi, ila umeifunga mapema. Umemsahau Liberal Democrats aliyechukua viti 72, na vingi ni vya kusini, vijiji vya mawe mazuri na shule za bei mbaya. Henley ya zamani ya Johnson. Chichester. Yule mpiga kura hakuhama kwa sababu ya mashua za wahamiaji. Alichoshwa na sherehe za Downing Street wakati wa karantini, ambazo Johnson na Sunak wote wawili walipigwa faini na polisi, na alichoshwa na mito iliyojaa maji taka. Ukimfuata wa Reform unampoteza huyu. Ukimfuata huyu unampoteza yule. Mtu amekaa kwenye mitumbwi miwili na mto umepanuka.

Kwenye uhamiaji nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Ila jiulize kwa nini walifungua. Februari 2022 waliruhusu viza za watunza wazee kwa sababu nyumba za wazee zilikuwa hazina watu, na nyumba za wazee zimejaa wapiga kura wao. Chama kilihitaji mikono yetu na kilihitaji kulalamika kwamba tupo.

Dada wa Zamu

Kaka, hapo umenigusa. Mimi niliingia kwa viza hiyohiyo. Machi 2024 wakafunga mlango wa kuleta familia. Waliokuja kabla wana watoto wao hapa, waliokuja baada wanawaona kwa simu. Sisemi zaidi.

Nitakachosema ni ninachokisikia kazini. Mabibi na mababu ninaowaosha asubuhi ni Conservative wa kuzaliwa. Kuna mmoja alikuwa anaweka picha ya Malkia na ya Thatcher pembeni ya kitanda. Malalamiko yake hayakuwa Ulaya wala mashua. Nyonga ilimsumbua, alisubiri upasuaji mwaka na zaidi. Foleni ya matibabu ya NHS, huduma ya afya ya taifa, ilikuwa kama milioni mbili na nusu walipoingia 2010, wanaondoka imefika milioni saba na nusu na ushee. Sunak aliahidi Januari 2023 kuipunguza, ikapanda. Yeye hakwenda Labour wala Reform. Alikaa nyumbani. Nyie wanaume mnapiga hesabu za nani kahamia wapi, mnasahau waliochoka tu. Waliojitokeza 2024 walikuwa watu sita katika kumi.

Mbeba Boksi

Dada yangu, nimepokea. Hilo la waliokaa nyumbani sikulipa uzito.

Jirani wa Nairobi

Hii story ni KANU 2002 tupu. Jogoo amezeeka, bado anawika saa tisa.

Lakini niulize jambo, ndugu zangu. Sunak: baba kazaliwa Nairobi, mama Tanganyika. Priti Patel: wazazi kutoka Uganda. Suella Braverman: baba kutoka Kenya. Hao wawili wa mwisho walikuwa mawaziri wa mambo ya ndani. Hawa ni watoto wa watu wetu kabisa, biashara za River Road na Kariakoo. Na hao ndio waliokuwa wakali zaidi kwa wageni! Hamuoni hapo ndipo chama kilijichanganya? Walidhani wakiweka sura mpya dirishani watu wataona duka ni jipya.

Mchambuzi Uchwara

Jirani, KANU ipeleke kwenye uzi wake, tusitoke nje ya mada. Ila hilo la pili lina uzito. Na ongeza Kemi Badenoch, aliyelelewa Lagos, ambaye Novemba 2024 alimshinda Robert Jenrick kwa kura 53,806 dhidi ya 41,388 za wanachama. Mwanamke mweusi anaongoza chama cha Churchill na hakuna mzungu aliyezimia. Kwa hilo tu wamewaacha mbali Labour, ambao hawajawahi hata kuwa na kiongozi mwanamke wa kuchaguliwa.

Na mleta mada, unaishi jirani na Leicester lakini hujataja kwamba jimbo pekee ambalo Conservative waliwanyang'anya wengine usiku ule wa 2024 ni Leicester East! Shivani Raja, binti wa jumuiya ya wazee kama mwenye nyumba wako. Kwa hiyo pale mbegu imeota.

Mbeba Boksi

Umenishika shati. Ni kweli, na nilikwepa makusudi kwa sababu linaniharibia mtiririko 😂. Ila ukweli wote ni kwamba kura za Labour zilipasuliwa na wabunge wawili wa zamani wa chama hichohicho, Claudia Webbe na Keith Vaz, waliogombea kivyao. Hata hivyo sikatai: pale Belgrave Road, mtaa wa maduka ya Wahindi Leicester, kuna wahafidhina wa kweli, wa duka, hekalu na shule ya mtoto. Chama kina watu walio tayari kukipenda. Hao ndio ningewajenga.

Jirani, kuhusu ukali wao: mzee wangu anasema "sisi tulikuja na karatasi, tukafuata foleni". Nikimkumbusha lile tangazo la halmashauri la 1972 anabadilisha mada.

Mkaazi wa Kimihurura

Naandika kutoka Kigali, na mimi nina la kusema kwenye hili. Mpango ule wa kuleta waomba hifadhi hapa ulitangazwa na Johnson Aprili 2022. Juni ndege ikazuiwa dakika za mwisho na mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, ile ya Strasbourg. Novemba 2023 Mahakama Kuu Kabisa ya kwao ikasema mpango haufuati sheria. Wakatunga sheria nyingine ya kusema Rwanda ni salama, kana kwamba bunge linaweza kutangaza mvua imekatika. Hapa Hosteli ya Hope, iliyoandaliwa kuwapokea, ilikaa imetandikwa vitanda miaka miwili. Waliokuja ni wanne, kwa hiari yao. Labour walipoingia walisema mpango umekula pauni milioni 700.

Sisi huku tuliuona kama mchezo wa kuigiza ambao watazamaji wake hawakuwa sisi. Swali langu kwa mliopo Uingereza: watazamaji wenyewe walikuwa nani?

Mbeba Boksi

Mkuu wa Kimihurura, watazamaji walikuwa wale 172,000 na wahariri wa magazeti mawili matatu. Fundi bomba wa hapa kwetu aliniambia hivi 2023: "Sijali wanapelekwa wapi, mimi nataka kujua kwa nini wameshindwa." Kwake lilikuwa suala la uwezo. Mtu anaweza kuunga mkono sera kali kabisa, ila akiona imemezwa na pesa yote ile bila kufanya kazi, anakuona wewe ni mzembe. Na mpiga kura wa Conservative kihistoria alikuwa anawasamehe kila kitu isipokuwa uzembe. "Wana roho mbaya lakini wanajua kazi," ndivyo mzee alivyokuwa anasema. Bajeti ya Truss ilimaliza nusu ya pili ya ile sentensi.

Mfano mwingine: Oktoba 2023 Sunak alikwenda Manchester kwenye mkutano mkuu wa chama na kutangaza kwamba reli ya kasi ya HS2 haitafika Manchester. Alitangazia wapi? Kwenye ukumbi ambao zamani ulikuwa stesheni ya treni. Msanii wa vichekesho angekatwa kwa kuzidisha chumvi.

Babu wa Toronto

Vijana, mimi nililiona hili kwa macho yangu mwaka 1993. Progressive Conservative wa huku Canada waliingia kwenye uchaguzi wakiwa serikali yenye wabunge zaidi ya 150, wakatoka na WAWILI. Na waliowala upande wa kulia walijiita nani? Reform Party. Farage hakuficha kwamba jina alilitoa huku.

Ila msiwazike mapema. Ilichukua miaka kumi, vyama viwili vikaungana 2003, na 2006 wakarudi madarakani chini ya Stephen Harper. Sasa jiulizeni nani alimmeza nani kwenye ule muungano. Harper alitokea upande wa Reform.

Mchambuzi Uchwara

Shikamoo Babu. Hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Mbunge wao Lee Anderson alihamia Reform Machi 2024. Mbunge mwingine, Danny Kruger, Septemba 2025. Jenrick huyohuyo aliyegombea uongozi, Januari 2026. Na Mei 2025 walipoteza madiwani zaidi ya 670 huku Reform wakiokota idadi kama hiyohiyo na kushika halmashauri kumi. Huo siyo muungano, ni nyumba inahamishwa fanicha usiku.

Babu wa Toronto

Marahaba. Fanicha nzito huwa inabaki, ndiyo tatizo la mwenye nyumba.

Dada wa Zamu

Kaka Mbeba Boksi, kabla sijaingia zamu. Umesema dawa ni nyumba. Badenoch si alitangaza Oktoba 2025 kwamba atafuta ushuru wa kununua nyumba ya kuishi? Hiyo siyo unayoitaka?

Mbeba Boksi

Dada, ni hatua, na ni mara ya kwanza baada ya muda mrefu nawasikia wakizungumza kuhusu nyumba bila kuzungumzia mandhari. Lakini ushuru unafutiwa mtu ambaye tayari ameshapata amana na mkopo. Kwa mjukuu wa mzee pale Birmingham kikwazo ni kwamba nyumba zenyewe hazipo, na bila kujenga, bei inaweza kupanda tu ikala ule ushuru uliofutwa. Asimame kiongozi wa Conservative pale Surrey awaambie wanachama wake "tunajenga nyuma ya bustani yenu", nitaanza kumsikiliza.

Halafu mnajua sisi wa Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa tuna haki ya kupiga kura, hata uchaguzi wa bunge? Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, wote. Jiandikisheni halmashauri. Miaka 13, mimi sijawahi kubishiwa hodi na mtu wa Conservative.

Kasuku wa Pwani

Na mzee wa Kampala je? Mei 2025 aliwapa?

Mbeba Boksi

Nilimuuliza. Anasema zamani mtu wa tawi alikuwa anakuja mwenyewe, anakaa, anakunywa chai ya tangawizi, wanaulizana habari za watoto. 2025 karatasi ya Conservative ililetwa na posta. Aliyekuja kubisha hodi ni kijana wa Reform. Mzee akamkaribisha, akampa chai, wakakaa karibu nusu saa, na kwenye kaunti yetu Reform ndio wakaibuka na viti vingi kuliko chama chochote.

Nikamuuliza: kwa hiyo ulimpa kura? Akacheka sana, akafuta miwani, akaniuliza kodi ya mwezi huu naleta lini.